Tembe za Mwende zilivyogawanywa na mwethya nzima

Wakuu, natumai mmeamka salama. Mimi ni mwalimu mstaafu, kwa hivyo nikianza kufoka humu ndani mtanivumilia, ni mazoea ya darasani.

Haya nitakayosema yalitokea nyumbani kwetu, kwa mama aliyenizaa, na mwenye yalimpata yuko hai na anasoma hii forum. Kwa hivyo sina nafasi ya kuongeza chumvi. Majina nimebadilisha kidogo, mengine yote ni vile yalivyokuwa.

Kilichonitoa pangoni ni hiki. Jana niliona mtu humu ameandika kwamba amebakisha antibiotics, ameanza kusikia vizuri, ati kama kuna mwenye kidonda au kikohozi amtafute inbox ampatie.

Na watu wakampigia makofi! "Mungu akubariki mkuu." "Utu bado uko Kenya hii."

Aki niliweka simu chini nikaenda kupika chai. Nikarudi nikakuta bado wanamsifu.

Huyo ndugu si mtu mbaya, na hapo ndipo shida iko. Mama yangu pia hakuwa mtu mbaya.

Turudi nyuma, mwanzo wa miaka ya themanini.

Sisi ni watu wa Kilungu, zile sehemu za juu ambako mwezi wa saba ukungu unakaa mpaka jua lipande kabisa, na watoto wanaenda shule wamefungwa leso za mama zao shingoni. Mimi nilikuwa nimemaliza form four, nikachukuliwa kama UT, yaani mwalimu ambaye bado hajaenda college, kwenye primary moja mbali kidogo na kwetu. Wiki nzima nakaa kwenye nyumba za walimu, Ijumaa narudi kwa Mwaitu.

Mwaitu ndivyo sisi Wakamba tunamwita mama.

Sasa, Mwaitu alikuwa mkubwa wa mwethya. Kwa nyinyi mliozaliwa Nairobi, mwethya ni kikundi cha akina mama wa kijiji wanaofanya kazi pamoja. Leo wanachimba matuta ya kuzuia udongo kwa shamba la huyu, wiki ijayo kwa shamba la yule, huku wanaimba. Ukipita Kilungu hadi leo utaona milima imekatwa mistari mistari. Hiyo ni mikono ya mama zetu, si ya tingatinga.

Mwethya ilikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Kitu kikija kwa kikundi, kinagawanywa sawasawa kwa kila nyumba. Maharagwe ya msaada, sawa kwa sawa. Miche ya matunda, sawa kwa sawa. Wakati mmoja kanisa lilileta miche ya sabuni na haikutosha. Mwaitu akakaa chini akaikata vipande kwa waya mwembamba, kila nyumba ikapata kakipande ka kuoshea mikono. Cha kwake alichukua mwisho, kile kidogo kilichobaki.

Ndiyo maana walimchagua kila mwaka. Hakuna mtu angesimama aseme Mama Kalondu alijipendelea. Kalondu ndiyo mimi, kifungua mimba.

Kitinda mimba alikuwa Mwende. Huyo ndiye mwenye kisa.

Mwende alikuwa darasa la tano, mtoto mwenye mwandiko mzuri mpaka mimi dadake mwalimu naona wivu. Msimu wa baridi akaumwa na koo. Nani angeshtuka? Watoto wote Kilungu walikuwa wanaumwa na koo. Akapewa maji moto na asali, akapona, tukasahau.

Baada ya wiki kadhaa akaanza kuangusha vitu.

Kwanza kikombe. Halafu sufuria ya muthokoi, chakula chote chini, akagombezwa. Halafu mwandiko ukaharibika, herufi zinaruka juu ya mstari na kushuka. Mwalimu wake wa darasa akamchapa kwa uchafu wa kazi. (Ndiyo, tulikuwa tunachapa. Hiyo ni thread ingine.)

Halafu mikono ikaanza kuruka yenyewe. Bega linapanda, uso unakunjika, mguu unateleza pembeni kama umevutwa. Mtoto analia, anasema, "Kalondu, si mimi, si mimi nafanya." Ukimwangalia akilala, anatulia kabisa. Akiamka tu, inaanza.

Mnaweza kukisia maneno ya kijiji. Wengine wakasema ni pepo, apigiwe kilumi, ile ngoma ya zamani ya kutuliza pepo. Mwaitu alikuwa mtu wa kanisa mpaka kwenye mifupa, akakataa katakata. Mchungaji akaja na wazee wa kanisa wakaomba, mtoto anaruka katikati yao. Mwaitu akawa hali chakula. Alikuwa anakaa nyuma ya mtoto, anamshikilia mikono yote miwili, kama mtu akishikilia vya kutosha itaacha.

Wakati huo huo kukaja daktari wa research.

Jina nitamwita Daktari Swaleh. Alikuwa mtu wa Kitui mjini, familia za Waislamu wa pale, lakini mama yake alikuwa wa pwani, Kikamba chake kilikuwa cha salamu tu, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mpaka akina mama wakawa wanacheka nyuma ya leso. Alikuwa anatafuta watoto wenye hiyo hali ya kuruka viungo. Kumbe Mwende hakuwa peke yake, walikuwepo wengine kwenye vijiji vya huko, kila mama amemficha wake.

Nilikuwa nyumbani siku aliyompima, mimi ndiye nilikuwa natafsiri Kikamba. Alimwambia Mwende atoe ulimi autulize nje. Haukukaa, unaingia na kutoka. Akamwambia amshike vidole viwili akaze bila kuachilia. Mkono wa Mwende ukawa unakaza, unalegea, unakaza, kama anakamua ng'ombe.

Akasema, "Mama, huyu hana pepo. Huyu alikuwa na koo."

Mwaitu akanitazama kuona kama nimetafsiri vibaya.

Daktari akaeleza polepole. Kuna viini vinakaa kooni. Mwili unapopigana navyo, wakati mwingine unakosea shabaha, unajipiga wenyewe. Ukipiga ubongo, viungo vinaruka. Hiyo itaisha. Lakini unaweza kupiga moyo pia, na moyo hausahau. Kila koo lingine likija, moyo unapigwa tena. Kwa hivyo dawa yake si ya kuruka, ni ya kuzuia koo lisirudi. Penicillin, miaka na miaka, hata kama mtoto anaonekana mzima.

Research yenyewe ilikuwa rahisi. Watoto wengine wangedungwa sindano ya penicillin kila mwezi. Wengine wangemeza tembe za penicillin asubuhi na jioni kila siku. Halafu aone njia gani inawalinda vizuri watoto wa milimani.

Sasa wakuu, hapa ndipo kosa liliingia, na liliingia kwa heshima kabisa.

Daktari Swaleh alikuwa mtu wa adabu. Hakutaka kuenda nyumba kwa nyumba kama askari wa kodi. Akauliza, hapa watu wanaamua mambo wapi? Akaambiwa kwa mwethya. Basi akapanda mpaka kwenye matuta, siku ya kazi, viatu vimejaa matope, akasimama mbele ya akina mama wote na kuwaomba ruhusa. Akawaambia anawaletea dawa. Akawaambia hii ni kazi yao pamoja naye.

Wakaijadili, wakakubali, wakapiga makofi, wakamwimbia. Alifurahi sana. Mimi pia nilifurahi, niliona huyu ni daktari wa kweli anayejua kukaa na watu.

Kura zikapigwa. Ndunge, mtoto wa jirani yetu Mama Ndunge, akaangukia sindano. Alilia siku hiyo mpaka akatapika. Mwende akaangukia tembe. Mwaitu akashukuru Mungu, maana ile sindano inauma, inamfanya mtoto achechemee.

Jumatatu nikarudi shuleni kwangu.

Miezi ikapita, Mwende akatulia. Mikono ikakaa, mwandiko ukarudi. Wakati huo tuliona ni tembe zimemponya, baadaye ndiyo daktari alituambia ule mruko huisha wenyewe na kazi ya tembe ilikuwa ingine. Daktari akija, Mwaitu anamrudishia mikebe ya dawa ikiwa mitupu, safi, imeoshwa. Tembe zote zimeisha kwa wakati. Daktari anamsifu. Nyumba zote za tembe zilikuwa hivyo, mikebe mitupu, hakuna hata tembe moja iliyobaki.

Halafu baridi ya mwaka uliofuata ikaingia.

Ijumaa moja nafika nyumbani nakuta Mwende amekaa kwenye kigoda, ameweka mikono chini ya mapaja yake, ameikalia. Nikajua kabla hajasema. Ilikuwa imerudi, na mara hii akipanda kilima kidogo tu anasimama kuvuta pumzi.

Watoto wengine wa tembe pia, wengi wao makoo yalirudi. Wa sindano walikuwa wazima. Ndunge alikuwa anapanda miti.

Daktari Swaleh alichanganyikiwa. Angesema tu sindano ni bora aende zake, lakini hakuridhika. Dawa ni ile ile penicillin. Imemezwa yote, mikebe ni mitupu. Kwa nini haikufanya kazi? Akaanza kuogopa kitu kikubwa, kwamba labda viini vya kooni vimeizoea penicillin. Aliniambia hilo likiwa kweli, ni habari mbaya ya kuenda dunia nzima, na imeanzia kwetu Kilungu.

Akarudi na pamba zake za kupangusa. Akapangusa makoo ya watoto. Na kwa sababu alikuwa mtu wa kuchimba mpaka mwisho, akapangusa vidonda na majipu pia, ya watoto na ya akina mama, upande wetu na upande wa Mbooni, milima ya jirani ambako hakuwa amepeleka dawa. Akapeleka maabara Nairobi.

Majibu yalipotoka hakuenda kwa Mwaitu. Alikuja shuleni kwangu, akaketi kwa staffroom, akakataa chai.

Akasema, "Mwalimu, viini vya kooni havina tatizo. Penicillin bado inaviua vizuri sana, kila mahali. Lakini vile vya vidonda, ambavyo ni aina nyingine, vya upande wenu ni vigumu kuliko vya Mbooni. Vimezoea penicillin. Naomba uniambie, ni nani anayekunywa penicillin kwenye nyumba ambazo mimi sijapeleka dawa?"

Mimi nikasema sijui. Na sikujua kweli.

Lakini nilikuwa na akili ya kuuliza. Jumamosi nikamkuta Mwaitu anatwanga mahindi. Nikamuuliza tembe za Mwende huwa anazifanyia nini.

Hakushtuka hata. Hakuacha kutwanga.

"Tunagawana," akasema. "Wewe ulitaka tuzile peke yetu?"

Wakuu, nilikaa chini pale pale kwenye maganda.

Kumbe kila wakati daktari akileta dawa, nyumba zote zenye tembe zilipeleka mikebe kwenye mwethya. Zinamwagwa kwenye ungo mmoja. Mwaitu anagawa, kila nyumba fungu lake, sawa kwa sawa, mwenye mgonjwa na asiye na mgonjwa. Mtoto wa fulani anakohoa, anapewa moja. Mwingine ana jipu, anapewa mbili, likipunguza maumivu anaacha. Mwingine amejikata na jembe, anasaga tembe anamwagia kidonda unga. Na Mwende mwenyewe alikuwa anapata fungu la nyumba moja. Likiisha, limeisha, mpaka daktari arudi.

Sindano ilipona kwa sababu sindano huwezi kuigawa.

Na haikuwa siri! Hicho ndicho kilinimaliza. Walifanya hayo mchana, mbele ya kila mtu, wakiimba. Daktari aliuliza kama tembe zimeisha, wakamwambia zimeisha. Hakuna aliyeuliza zimeishia kwa nani.

Nilikasirika, siwezi kuwadanganya. Nikamwambia, "Mwaitu, Mwende ndiye mgonjwa! Hao wengine walikuwa na nini?"

Akaweka mchi chini. "Mama Ndunge aliniambia hivyo hivyo. Aliniambia, wewe bakisha za ziada, wako ndiye anaumwa. Nikakataa." Akakung'uta unga mikononi. "Mimi ndiye nagawa, Kalondu. Nikijiongezea, nitagawa tena na mkono gani?"

Mpaka leo nikiwa nimekasirika na mtu anayejipendelea kwenye ofisi ya umma, namkumbuka mama yangu na ule ungo, na hasira yangu inakosa pa kushika.

Ilibidi nimwambie daktari. Niliogopa atamtusi.

Alikuja siku ya kazi, akapanda matuta tena, kama mara ya kwanza. Akina mama wakaacha majembe. Nilikuwa nimeshamwambia yote. Akamwomba Mwaitu waketi kwenye nyasi, akamwita Mwende, akamwita na Ndunge.

Akatoa kile chombo chao cha kusikilizia kifua. Hakukiweka kwenye masikio yake. Alikiweka kwenye masikio ya Mwaitu.

Akaanza na Ndunge. Mwaitu akasikiliza, akatabasamu kidogo, hajawahi kusikia moyo hivyo. "Unagonga vizuri," akasema. "Du, du. Du, du."

Halafu akaweka kwa Mwende.

Nilimwona mama yangu uso ukibadilika. Akasikiliza muda mrefu. Akanyoosha mkono akamshika Mwende bega asisogee, akasikiliza tena.

Akasema polepole, "Huyu anapepeta. Kuna mtu anapepeta mahindi ndani."

Nikatafsiri.

Daktari akasema, "Ndiyo, mama. Kuna mlango mdogo ndani ya moyo ambao haufungi tena sawasawa. Damu inarudi nyuma. Hiyo ndiyo sauti."

"Utafunga?"

"Hautafunga. Lakini tunaweza kuuzuia usiharibike zaidi."

Mwaitu akavua kile chombo, akakirudisha kwa mikono miwili kama anarudisha mtoto wa mtu. Hakulia. Alisema tu, "Nilimkata mtoto wangu kama sabuni."

Wengine waliangalia chini. Mama Ndunge, ambaye siku zote alikuwa na mdomo, alikuwa anafuta macho na mkono wenye udongo.

Hapo daktari akasema kitu ambacho sijawahi kusikia daktari mwingine akisema. Akanigeukia, "Mwalimu, waambie vizuri, usiruke neno. Waambie kosa hili nina fungu langu. Niliwaomba ruhusa kama kikundi, nikawaletea dawa mbele ya kikundi. Halafu nikategemea waitumie kama watu ambao hawajuani. Ningeuliza, wangeniambia. Sikuuliza."

Akaeleza pia mambo ya vidonda. Dawa ukiitumia kidogo kidogo na kuachia njiani, vile viini vinyonge vinakufa, vigumu vinabaki vinazaana, na kesho ile dawa haisaidii mtu yeyote, hata yule aliyeihitaji kweli. Kwa hivyo hakuna aliyefaidika. Mwende alikosa zake, na wale waliopewa walipewa hasara.

Halafu akasema research yake ya tembe imekufa, itabidi awaambie wakubwa wake hivyo, na watoto wote sasa atawaweka kwenye sindano. Alisema kwa upole lakini aliketi kama mtu aliyechoka.

Ni Mama Ndunge aliyesimama.

"Sasa tumechomwa, tutakaa tu?" akasema. "Dawa haigawanywi, tumesikia. Lakini kazi je? Kazi tumekuwa tukigawana tangu tuolewe. Hawa watoto wanatoroka sindano, wangu wa kwanza, anapanda mti. Basi tugawane hiyo. Kila mwezi nyumba moja ishike watoto wote iwapeleke mpaka health centre, na wasirudi kabla ya wote kudungwa. Mama Kalondu, toa zamu. Wewe ndiye mkubwa."

Mwaitu akasema, "Tafuteni mkubwa mwingine."

"Hatutafuti," Mama Ndunge akasema. "Anza na nyumba yangu."

Na ndivyo ilivyokuwa, mwezi baada ya mwezi, jua, mvua. Ungewaona wakiteremka, mama mmoja mbele, watoto katikati wakilia mapema kabla ya kufika, mama mwingine nyuma akiziba njia ya kutorokea. Njaa ikaja, mwethya ikapungua, wengine wakahamia Makindu na kwingine, lakini sindano haikukosa. Mwende alidungwa mpaka akawa mwanamke mzima na kitambulisho.

Kuruka viungo hakukurudi tena. Lakini moyo ulibaki na ile sauti. Hakubeba maji tena. Mwaitu alibeba maji yake na ya Mwende mpaka mgongo ukapinda, na ukijaribu kumpokea mtungi anakufokea. Mwende akajifunza ushonaji, akafungua duka la nguo Tawa sokoni, na hilo liko hadi leo.

Kuhusu ile siku ya matuta, Mwaitu hakuongea tena. Hata neno.

Sasa nifike mwisho, na hii ndiyo sehemu nilitaka huyo ndugu wa inbox asome.

Miaka ya tisini inaelekea kuisha, Mwaitu amezeeka, kichwa kimeanza kupotea potea. Akajikata mguu na jembe. Kidonda kikakataa kupona. Dispensary wakampa dawa hii, ikashindwa. Wakampa ile, ikashindwa. Mguu umevimba, unatoa harufu. Tukampeleka hospitali, wakapima usaha, wakatuambia dawa nyingi haziwezi hivyo viini, imebaki moja ambayo bado inafanya kazi. Amalize zote, asiruke hata moja, la sivyo tutazungumza mambo ya kukata mguu.

Mwende akafunga duka akaja kukaa naye. Tembe asubuhi, tembe jioni.

Siku za kwanza kidonda kikaanza kukauka. Halafu kikasimama. Mwende akashangaa, kwa sababu alikuwa anampa mwenyewe, na maji, na kikombe kinarudi kitupu.

Asubuhi moja anambadilisha leso, anakuta kwenye pindo kuna fundo gumu. Akalifungua. Tembe. Zimelainika kidogo, zilikuwa zimekaa shavuni halafu zikatolewa.

Nilikuwa mlangoni na uji mkononi.

Mwende akamuuliza, "Mwaitu, hizi ni za nani?"

Mwaitu akamtazama kama anauliza jambo la kijinga. "Za hao wengine."

Hakukuwa na wengine. Mama Ndunge alikuwa ameshazikwa. Mwethya yenyewe ilikuwa imebaki wazee wachache tu.

Mwende akaketi mbele yake kwenye kitanda. Akachukua tembe mpya, akamwekea kwenye kiganja. "Meza hii, Mwaitu. Hao wengine wako na zao. Kila mtu ako na zake."

Mwaitu akaishika ile tembe, akaigeuza geuza. Halafu akainua macho, na siku hiyo yalikuwa macho yake ya zamani kabisa, yale ya mkubwa wa mwethya.

"Na wewe?" akamuuliza. "Wewe ulipata zako?"

Nilisikia uji unaniunguza mkono na sikuweza kuuweka chini.

Mwende akasema, "Nilipata, Mwaitu. Nilipata zote."

"Zote?"

"Zote."

Mwaitu akameza. Akafungua mdomo mwenyewe, akainua ulimi, amwonyeshe. Tangu siku hiyo alimeza kila moja mpaka zikaisha, na mguu wake alizikwa nao miaka mingi baadaye.

Somo ndilo hilo, ndugu yangu wa inbox. Moyo wako ni mzuri, sina ubishi. Lakini dawa ya mgonjwa si sabuni. Zako zimalize. Ukitaka kumsaidia mwenye kidonda, mshike mkono mpeleke hospitali, kaa naye kwenye foleni, rudi naye. Hiyo unaweza kuigawa na haipungui.

Mwende amesoma hii kabla sijaiweka hapa. Nilikuwa nimeandika kwamba siku ile alimdanganya Mwaitu ili ameze. Akaniambia nitoe hiyo sentensi, ati hakudanganya. Ati ukihesabu akina mama wote waliomteremsha ule mlima, yeye alipata zake zote.

Nimeitoa kwa sababu ameniomba. Lakini mimi bado nasema alidanganya.

Nyinyi mnasemaje? Nawasoma, na atakayeandika vibaya nitamsahihisha.